Kompyuta Zimekosa Dereva

Mavi ya kale hayanuki, wahenga walisema. Wahenga wale hawakuwahi kufungua kompyuta ya msaada. Mimi nimefungua nyingi, hapa Majengo, kwenye kibanda changu kati ya fundi cherehani na muuza kanzu, na nawaambia yananuka. Yananuka sigara za watu waliokwishastaafu, yananuka kojo la panya, yananuka zulia la ofisi za nchi ambazo sitafika maishani mwangu. Watu wazima na akili zao wanapakia uchafu huo kwenye kontena, wanaupiga picha, na huku kwetu unapokelewa kwa kwaya.

Lakini hizi ninazotaka kusimulia zilikuwa za shule moja ya mlimani, juu ya Mkuu, Rombo. Nikizikumbuka mpaka leo nachukia, na si kwa ajili ya ule uchafu wa ndani ya chuma. Ule unatoka kwa brashi na spiriti.

Aliyenitafuta alikuwa mwalimu wa kike, kijana bado, mtu wa Singida. Namba yangu alipewa na mteja wangu mmoja. Alinisalimia vizuri, akaeleza kwamba shule imeletewa kompyuta za mezani, zinawaka, ila hazishiki mtandao. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwamba azilete mjini, nitatazama nikipata nafasi. Mimi sina ulimi wa asali, wateja wangu wanajua. Kisha akasema, "Dada, hizi zisipofanya kazi, mimi naondoka."

Ikabidi nimsikilize. Shule ile ni ya wazazi, inaendeshwa na bodi ya wazee wa palepale. Yeye alikuwa anafundisha kwa kujitolea, hesabu na kompyuta, na hiyo kompyuta aliifundisha kwa kuichora ubaoni. Alipewa posho ya sabuni na vocha. Bodi ilimwahidi, mbele ya walimu wenzake, kwamba mashine zikishika mtandao somo la kompyuta litafunguliwa rasmi, na yeye ataajiriwa moja kwa moja na kupewa nyumba ya mwalimu. Binti yake mdogo alikuwa Singida kwa bibi yake, analelewa na mama kwa simu. Nyumba ikipatikana, mtoto anakuja. Hakuwa anataka makubwa zaidi ya hayo.

Nikapanda mlimani na begi langu la bisibisi na sweta juu ya sweta, maana baridi ya Rombo na mtu wa Majengo hawazoeani. Mimi ni mtoto wa mjini. Bibi yangu mzaa mama ni Mpare, babu alikuja na kazi ya reli kutoka Kigoma, na baba akiulizwa kabila husema Majengo. Kule juu watu kama sisi wanatuita chasaka, yaani mtu wa kuja, asiye wa mlimani. Wanasema kwa utani, lakini utani wenyewe una meno. Mwalimu naye alikuwa chasaka mwenzangu, labda ndiyo maana tuliivana haraka. Alinipokea kwa mtori wa moto, ile supu nzito ya ndizi, akakaa ananitazama ninavyokunywa kama vile majibu yake ya hospitali yako ndani ya bakuli.

Chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya mahindi zamani, na vumbi la pumba bado lilikuwa kwenye mbao za dari. Kompyuta zilipangwa juu ya madawati, zimefunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, vile vya kufunika makochi. Kwa nje zilipendeza. Nikalaza ya kwanza, nikafungua kifuniko.

Astaghfirullah. Ndani kulikuwa na nywele za watu, zimesokotana kwenye feni mpaka zimekuwa kama sponji. Moshi wa sigara ulikuwa umeganda kila mahali, rangi ya ugoro, unanata vidoleni. Chini walilala mende wakavu, wadogo, wa aina ambayo hatuna, maana hata mende tuliletewa. Nikafungua ya pili. Kadi ya mtandao, ambayo inatakiwa kushikwa na skrubu, ilikuwa haina skrubu. Mtu alitafuna bazoka akaigandisha nayo, na alama za meno yake zilikuwa bado zinaonekana. Mate ya mtu! Nikatoka nje kunawa. Niliporudi nikamkuta mwalimu ameshaanza kuibandua ile bazoka kwa kisu cha jikoni, bila kukunja uso. Kwenye ubavu wa kila mashine kulikuwa na karatasi ya rangi iliyobandikwa. Akanisomea: imeandikwa ni za kutupwa. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akaendelea kubandua.

Mimi nilikuwa nimeshachemka. Nilitukana kwa lugha zote za Majengo. Yeye akaniambia taratibu kwamba kaniita nizitengeneze, siyo nizihukumu.

Basi tukatengeneza. Na hapa nieleze kidogo ili msipotee. Kadi ya mtandao ni kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili iweze kuzungumza na nyingine. Zile zilikuwa za kushika mtandao wa hewani, bila waya, kutoka kisambazaji kilichofungwa juu ya paa la ofisi, na zilikuwa za zamani sana. Kadi peke yake haitoshi. Inahitaji kitu ambacho sisi mafundi tunakiita dereva. Si mtu. Ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo wa kompyuta na kile kifaa, inaufundisha mfumo namna ya kukitumia. Bila dereva, kadi imechomekwa vizuri na taa yake inawaka, lakini kompyuta haina habari nayo.

Mifumo mipya ya kulipia mashine zile zisingeiweza, zingekufa kwa pumu. Kwa hiyo niliweka mfumo wa bure, ule ambao mafundi wa dunia nzima wanauandika kwa kushirikiana. Mfumo mzuri, mwepesi. Lakini toleo lake jipya lilikuwa limetupa madereva ya kadi za zamani. Vijana wanaouandika walikaa huko waliko wakaamua kadi zile hazina tena mtumiaji. Rombo hawakuuliza. Nilipowasha mashine, ikaniandikia kwa adabu kwamba kadi inakosa faili fulani, tafadhali niingie mtandaoni niipakue. Niingie mtandaoni kwa kadi ipi sasa? Kwa kadi hiyohiyo isiyofanya kazi kwa kukosa faili hiyo! Nimeona dharau nyingi katika kazi hii, ila ile ya kuambiwa panda juu ya paa uchukue ngazi bado inanikera.

Nikasema nitumie simu, niiunganishe na mashine kwa waya, ivute mtandao kutoka simuni. Ilikubali, lakini huko juu simu yangu ilikuwa inashika na kuachia kila wingu likipita. Halafu nikagundua udanganyifu mwingine. Kadi zote zilikuwa na jina moja kwa nje, umbo moja, rangi moja, lakini nikizikwangua ule ugoro na kusoma namba ya chipu yenyewe, hazifanani. Kiwanda kilibadilisha matumbo kikaacha uso uleule. Kila tumbo lina dereva wake. Nikaandika namba mkononi kwa kalamu, nikamwambia mwalimu nashuka mjini kutafuta madereva, nitarudi. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanipa ndizi za kuiva nibebe, na njiani kote aliniuliza jambo moja tu kwa namna tofauti tofauti: inawezekana? Nikamwambia inawezekana.

Nikiwa huku mjini, bodi ilikaa kikao. Mwalimu aliitwa aeleze kazi imefikia wapi. Alinipigia baada ya kutoka, anacheka mpaka hawezi kusema. Aliwaambia wazee kwamba kompyuta ni nzima, fundi kazisafisha, tatizo lililobaki ni moja tu, zimekosa dereva; dereva akipatikana zitashika mtandao. Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa. Mwenyekiti akauliza kama ni lazima dereva awe na uzoefu. Mwalimu akadhani anatania, akajibu akiwa na uzoefu ni bora zaidi. Mwenyekiti akasema wamelichukua, dereva atapatikana, hilo lisimsumbue. Nami nikacheka, jamani. Nilicheka mpaka fundi cherehani akasimamisha cherehani yake kuniuliza kuna nini, nikamsimulia, naye akacheka. Mtaa mzima wa Majengo uliwacheka wazee wa mlimani walioitafutia kompyuta dereva mwenye leseni.

Niliporudi juu na faili zangu, nikamkuta mwanaume ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha kompyuta. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa tope. Alisimama aliponiona, akanisaidia begi, akanikaribisha kama vile mlango ni wake. Nikadhani ni mlinzi. Mwalimu akanivuta ndani, akafunga mlango, akaninong'oneza, "Ndiyo dereva."

Alikuwa mpwa wa mwenyekiti, mtoto wa dada yake. Miaka yote aliendesha lori la miwa huko chini Kahe, mpaka mwenye lori akaliuza. Mjomba akamwita aje, kazi ipo shuleni. Tukaziba midomo kwa mikono tusisikike nje. Yule mtu alikuwa mpole. Alikuwa akitubebea maji ya kunawa, akatusogezea madawati, na kila akimaliza alirudi kwenye benchi lake na kukunja mikono. Sikumuuliza chochote. Niliona aibu kwa niaba yake.

Kazi ile ya mara ya pili ilikuwa chafu kuliko ya kwanza, japo mikono yangu ilikuwa safi. Nililazimika kuondoa toleo jipya na kurudisha la nyuma, lile ambalo bado linazikumbuka kadi za zamani, na kupachika faili mojamoja kwa kufuata tumbo la kadi. Mashine moja ilikuwa inashika mtandao, inaachia, inashika, inaachia, mpaka nikataka kuipiga teke. Kumbe ndani mlikuwa na madereva wawili wanagombea kadi moja. Mmoja ndiye wake, mwingine amejipachika tu kwa sababu jina linafanana, na kila mfumo ukiamka, huyo wa kujipachika anawahi kukaa kwenye kiti. Dawa yake ni kumwandika kwamba huyu asiruhusiwe kuingia. Nikamwandika. Mtandao ukatulia.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mashine ya katikati. Hakupiga kelele. Alifungua ramani, ile inayoonyesha dunia kutoka juu, akaanza kuisogeza kwa kipanya. Mtandao ulikuwa wa polepole, picha zinajaa kipande baada ya kipande. Alisogeza mpaka Singida, akaingia ndani zaidi, mpaka kwenye vibati vitatu vinne na mti. Akaweka kidole kwenye kioo, kwenye kibati kimoja, akasema mtoto wake yuko hapo. Nikamwambia afute machozi asije akachafua kioo nilichokisafisha mwenyewe. Nilisema vile kwa sababu yangu yalikuwa karibu.

Mwenyekiti akaja kutazama. Mzee wa heshima zake, koti na kofia, fimbo ya mti mweusi mkononi, mzee wa kanisa pia. Nikamwamkia shikamoo pale mlangoni, akaitikia marahaba, akanishukuru kwa Kichagga, aika sana, akaniita mama wa kompyuta. Akatazama kioo kimoja baada ya kingine. Akatangaza kwamba kutafanyika sherehe ya makabidhiano, wageni wataalikwa, na kwa kuwa mimi ni Mwislamu atatafutwa mtu wa kunichinjia mbuzi wangu kando. Alikuwa mkarimu kweli. Nikamwambia, mzee, mbuzi nashukuru, ila kubwa ni hili: mashine zimeshika mtandao, sasa mwalimu apate kazi yake kama mlivyosema.

Mwalimu alikuwa ametoka kwenda kuwaita wanafunzi waje waone. Tulibaki wawili. Mzee akasogeza kofia nyuma kidogo, akasema nafasi waliyopitisha kwa ajili ya kompyuta ilikuwa moja, na kwa bahati imeshajazwa. Kikao kiliambiwa kompyuta zinakosa dereva, kikaajiri dereva. Mwalimu anaruhusiwa kuendelea kujitolea, wanampenda sana.

Nikacheka tena, maana bado niliamini ni ujinga. Nikaanza kumweleza, kwa upole ambao siujui niliutoa wapi, kwamba dereva wa kadi si mtu, ni programu. Akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Najua, mwanangu," akasema. "Binti yangu kasoma hayo hayo Dar es Salaam. Hata hii simu yangu ina madereva yake."

"Sasa mzee?"

"Sasa kikao kimeshapitisha. Yule ni mtoto wa dada yangu na ana familia. Huyu binti atapata mbele ya safari, bado kijana."

Alisema bila kukwepa macho yangu. Sijui niseme nini nieleweke. Nimewahi kushika panya mwenye funza ndani ya printa kwa mkono mtupu, na sikujisikia nilivyojisikia pale. Kile kicheko changu chote, na cha mwalimu, na cha fundi cherehani, kilinipanda kooni kikiwa kichungu. Tulicheka wazee hawajui neno, kumbe walilijua, wakalikalia kimya, wakalipitisha kwenye kikao kama mtu anavyopitisha mzigo chini ya khanga. Mwenye kudanganywa alikuwa nani kama si sisi tuliokuwa tunacheka?

Nikamwambia, "Mzee, ile shikamoo niliyokupa mlangoni naomba unirudishie."

Hapo ndipo alipobadilika uso. Kwetu mtu unaweza kumnyima mzee fedha, unaweza kumnyima kura, lakini shikamoo haichukuliwi tena ikishatoka. Akasema tu, watoto wa mjini, akageuka kwenda zake. Hata mama yangu angenizaba kofi kwa neno lile. Lakini sijalijutia.

Nikamweleza mwalimu mwenyewe siku ileile. Hakulia. Aliuliza kama anaweza kuwasha mashine ile ya katikati tena kidogo. Nikamwambia nazibandua kadi zote, nashuka nazo Majengo, tuone hao madereva wao wataendesha nini. Nilikuwa nimeshashika bisibisi. Akaniambia niiweke chini. Alisema watoto wameshaziona zikifanya kazi, na wao hawakukaa kwenye kikao chochote. Nikaiweka.

Kwenye sherehe nilienda kwa ajili yake tu. Hema, spika, kwaya, wageni wa kutoka mjini, ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, amesimamishwa mezani na majani mdomoni. Mbege, pombe yao ya ndizi, ilizunguka. Mbuzi wangu alichinjwa kweli kando na Mwislamu waliyemtafuta, akapikwa kwenye sufuria mpya, nikaletewa sahani iliyofunikwa kwa heshima, na sikuweza kumeza hata mnofu mmoja. Mwalimu alikaa nyuma na walimu wenzake. Mwenyekiti akasimama, akaeleza namna bodi ilivyohangaika, namna kompyuta zilivyokosa dereva na namna walivyompata. Makofi. Akamwita mpwa wake mbele awashe mashine iliyoletwa mezani, wageni waone.

Yule mtu akasimama. Alipiga hatua mpaka mbele, akaitazama ile kompyuta, akamtazama mjomba wake. Mikono yake mikubwa ya usukani ilikuwa inaning'inia tu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, "Mjomba, mimi uliniita niendeshe gari la shule. Gari liko wapi?"

Kisha mtu mmoja upande wa mbege akapasuka kicheko, wakafuata wengine, hema zima. Mchungaji akaanzisha wimbo haraka, kwaya ikadakia, spika zikafunguliwa mpaka mwisho. Mimi sikucheka safari hii. Nilimtazama mwenyekiti anavyoimba, nikasema moyoni alhamdulillah, Mungu kamuumbua hadharani, sasa aibu itafanya kazi ambayo haki imeshindwa. Watu wa mlimani wanaogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa njaa. Nilishuka mjini na matumaini, nikamwambia mwalimu asubiri.

Na kweli aibu ilifanya kazi. Bodi ikakaa haraka sana. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba jambo limewavunjia heshima, kwamba haiwezekani shule iwe na dereva asiye na gari, watu wanatucheka mpaka Marangu. Basi wakaamua kununua gari.

Nilipoambiwa kwenye simu nikadhani mwalimu ananitania. Hapana. Ikaitishwa harambee. Kila Jumapili baada ya ibada, kwenye mnada ule wa mazao nje ya kanisa, mikungu ya ndizi na mayai na kuku vikapigwa mnada kwa ajili ya gari la shule. Watu waliokosa cha kumpa mwalimu walinyanyuana bei kwa mkungu wa ndizi huku wakicheka. Watu wa mlimani walioko Dar wakatuma kwa simu. Kushinda aibu kulipatiwa fedha ambayo kufundisha watoto hakukupatiwa, na gari likapatikana, la mtumba, kuukuu, limetoka hukohuko zinakotoka kompyuta. Ptuu! Natema mate hata sasa ninapoandika.

Mwalimu alimaliza muhula. Aliwafundisha wale watoto kila kitu alichoweza kuwafundisha kabla ya kufunga, akawasha na kuzima mashine mwenyewe, akazifuta mwenyewe. Shule ilipofungwa akawaaga. Bodi ikamshukuru, ikampa kitenge. Na kwa kuwa ana mizigo, na gari lilikuwa limefika wiki ileile halijafanya kazi yoyote, mkuu wa shule akaagiza limteremshe. Safari ya kwanza ya gari lile ilikuwa kumwondoa yeye.

Lilisimama mbele ya kibanda changu. Godoro juu, ndoo, jiko la mkaa, begi la vitabu. Dereva alishuka kwanza, akanipa mkono, hakukaa karibu nasi. Alisimama ubavuni mwa gari, anafuta kioo ambacho kilikuwa safi. Baadaye akaniita pembeni akaniuliza hilo neno lililomletea fedheha mbele za watu, dereva wa kompyuta, ni kitu gani hasa. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema angeambiwa mapema angebaki zake Kahe. Nilimwamini, na sikuwa na pa kuipeleka imani yangu ile.

Mwalimu hakuingia kibandani. Tulikumbatiana barabarani, fundi cherehani akatoka kumpa mkono, yeye aliyewacheka wazee pamoja nami. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, ya kulaani, ya kufariji. Nikamuuliza tu atafanya nini Singida. Akasema atatafuta shule nyingine ya kujitolea.

Alipokwishapanda mbele na dereva ameshawasha, akashusha kioo, akaniita nirudi. Nikadhani amesahau kitu.

"Dada, mashine ya dirishani," akasema. "Umeme ukikatika na kurudi, haishiki mtandao mpaka uizime na kuiwasha tena. Mwambie mtu."

Nikamwambia nitamwambia. Gari likaondoka kuelekea stendi. Nikabaki pale barabarani nikiwapitisha kichwani mmoja mmoja, mwenyekiti, wajumbe, mkuu wa shule, dereva, nikitafuta ni yupi wa kumwambia.